Uvimbe Ubavuni: Hadithi ya Binti wa Misiera

Kabla ya hadithi, kuna kazi ya mikono. Weka kidole kwenye kile kishimo kilicho chini ya koo, pale mifupa miwili ya mtulinga inapokaribiana. Kiteremshe polepole juu ya mfupa wa kidari. Ukishuka upana wa vidole vitatu hivi, utakuta kituta kidogo kimekingama. Telezesha kidole kutoka hapo kwenda kushoto au kulia: umeushika ubavu wa pili. Wa kwanza umejificha nyuma ya mtulinga, haushikiki kirahisi. Daktari yeyote anayetaka kujua anagusa ubavu gani huanzia kwenye kituta hicho, akahesabu akishuka.

Endelea kushuka mpaka kidari kinapoishia, juu ya tumbo. Unasikia kifupa kimechomoza? Watu wengi hukigundua ukubwani, wakiwa bafuni, wakakosa usingizi kwa kudhani wameota uvimbe. Ulizaliwa nacho. Kiache.

Mbavu ni 24, jozi 12. Jozi saba za juu zimeshikamana na kidari, kila ubavu kwa kipande chake cha gegedu, ule mfupa laini unaopinda bila kuvunjika, ambao pia uko kwenye pua yako. Jozi tatu zinazofuata hazifiki kwenye kidari. Hujishikiza kwenye gegedu la ubavu wa juu yake. Jozi mbili za mwisho hazikufungwa na chochote kwa mbele. Na najua kuna mmoja wenu anayetaka kuuliza kama wanaume wana ubavu mmoja pungufu kwa sababu ya Adamu. Hawana. Daktari Andreas Vesalius, aliyepasua maiti na kuhesabu mwenyewe, aliliandika jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1543. Hesabu yako na ya dada yako ni moja.

Haya, sasa hadithi.

Misiera ni kijiji ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia kwao, na hadi leo yapo. Humo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine. Mtoto akilia, anaweza kubembelezwa kwa lugha nne kabla mama yake hajafika. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha bombani. Binti ninayemsimulia nimemtunga mwenyewe. Sikumpa jina, maana kijijini kila jina lina mwenyewe. Ila yanayompata huwapata watoto wa kweli.

Ana miaka 13, na watu wake walitoka Kivu ya Kaskazini. Siku hiyo alikuwa anarudi kutoka bombani na jerikani ya lita 20 kichwani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo alibeba kilo 20, karibu nusu ya uzito wake. Mvua ilikuwa imepita na mteremko una utelezi. Mguu ukamponyoka, jerikani ikaenda zake, naye akaangukia ubavu wa kulia. Akainuka, akacheka kwa aibu kwa sababu wavulana walikuwa wanatazama, akarudi kujaza tena.

Jioni mama yake alipokuwa anamsuka, akamwona anajikunja kila anapoinua mkono.

"Unaumwa wapi? Nionyeshe, mama."

Upande wa kulia, chini kidogo ya kwapa, palikuwa na uvimbe wa upana wa vidole vitatu. Giza halijaingia, majirani walishajua, na kila jirani alikuwa na jibu.

Mzee mmoja Mrundi, aliyewahi kuona mengi, alisema ubavu umevunjika. "Mfungeni na kitenge. Kazeni sana."

Mzee hakusema upuuzi. Hata madaktari zamani walikuwa wakifunga kifua cha mtu aliyevunjika ubavu. Leo wameacha, na sababu yake inafaa kuielewa. Mkono ukivunjika unaweza kuupumzisha; ubavu hauna mapumziko. Mtoto wa umri wenu akiwa ametulia huvuta pumzi kama mara 20 kwa dakika. Fanya hesabu: kwa siku moja ni zaidi ya mara 28,000, na kila mara mbavu zinapanda na kushuka. Ukizikaza kwa kitenge, mtu atavuta pumzi fupifupi, mapafu hayatajaa vizuri, makohozi yatatulia chini, na baada ya siku chache umempa nimonia juu ya maumivu aliyokuwa nayo. Ubavu uliovunjika kawaida hujiunga wenyewe katika wiki sita hivi. Kinachotakiwa ni dawa ya maumivu, ili mgonjwa athubutu kuvuta pumzi ndefu na kukohoa.

Tena mbavu za watoto zina ujanja wake. Ni laini, zinapinda na kurudi. Mtu mzima akigongwa na bodaboda, ubavu unaweza kukatika na kuipunguza nguvu ya pigo. Mtoto akigongwa vilevile, ubavu hupinda, ukarudi mahali pake, na pigo likapita mpaka kwenye pafu lililo nyuma yake. Ndiyo maana mtoto anaweza kuumia vibaya ndani huku picha ikionyesha mbavu zote nzima. Na ikiwa ubavu wa mtoto umevunjika kweli, daktari hujua pigo lilikuwa kubwa, naye atauliza kwa makini lilitoka wapi. Asipoambiwa kuna ajali, atauliza kama kuna mtu aliyempiga. Maswali hayo si ya kumtia mtu aibu. Jibu kweli.

Chini ya mbavu hizohizo kuna viungo viwili vinavyovuja damu sana vikipasuka: ini upande wa kulia, bandama upande wa kushoto. Kwa mtu mzima mwenye afya, daktari kwa kawaida hawezi kuigusa bandama. Imejificha juu, nyuma ya mbavu za chini. Malaria ya mara kwa mara huifanya ivimbe mpaka ikachungulia chini ya mbavu za kushoto, na mgonjwa husema tu kwamba ubavu unamlemea. Tangu katikati ya karne ya 19 huko India, madaktari waliotaka kujua kijiji fulani kina malaria kiasi gani waliwapanga watoto mstari, wakawabonyeza matumbo na kuhesabu wangapi wana bandama iliyovimba. Hakukuwa na haja ya maabara. Lakini bandama iliyovimba ni rahisi kupasuka kwa teke la mpira tu. Mtoto akianguka au kupigwa ubavu wa kushoto, kisha akapauka, akatoka jasho la baridi, akalalamika tumbo au bega la kushoto ambalo halikuguswa kabisa, asisubiri asubuhi. Apelekwe usiku uleule.

Turudi kwa akina binti. Bibi yake, aliyekuwa amekaa mlangoni akikohoa kwenye ncha ya kitenge chake, alisema hicho ni kichomi.

Bibi naye alikuwa na hoja. Kichomi kile kikali, kinachokukata ukivuta pumzi, mara nyingi hutoka kwenye utando unaofunika pafu, na kinachouudhi utando huo kwa kawaida ni nimonia. Lakini nimonia huja na homa, kikohozi na kuhema, na haiachi donge chini ya ngozi. Binti hakuwa anahema. Nimonia ningependa zaidi muijue kwa ajili ya wadogo zenu, maana ninyi ndio mnaoachiwa kuwalea wazazi wakiwa shambani. Mtoto akiumwa kifua, mpandishe shati, subiri atulie, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, anahema haraka kupita kiasi. Kisha tazama pale mbavu zinapoishia. Kama kila anapovuta hewa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani badala ya kutoka nje, hali ni mbaya, na pa kumpeleka ni kituo cha afya. Wahudumu wa afya wa vijiji nchini Uganda, wale wanaoitwa VHT, wanafundishwa hesabu hiyohiyo. Hakuna kinachokuzuia kuijua wewe.

Hapa lazima nitoke njiani kidogo. Wenyeji wa Isingiro na Mbarara ni Wanyankole, na katika eneo hilo kuna ugonjwa unaoitwa oburo, yaani ulezi. Mtoto mchanga akishikwa na homa na kupumua kwa shida, baadhi ya watu husema punje za ulezi zimeingia kifuani, naye hupelekwa kwa mtu wa kumsugua kwa majani au kumchanja juu ya mbavu ili zitoke. Watafiti waliwauliza watu wa Bushenyi, wilaya nyingine ya eneo hilo, na mwaka 2007 wakachapisha walichokuta katika jarida la African Health Sciences: imani hiyo ilikuwa hai. Msicheke. Pitisha mkono kwenye kifua cha mtoto mwembamba, pale mfupa wa ubavu unapokutana na gegedu, na utahisi vinundu vidogo vimepangana. Mimi nisingeshangaa kama mtu wa kale aliyevigusa, huku mtoto akihema mbele yake, alidhani amekamata chanzo. Ila vinundu hivyo kila mtoto anavyo, mzima kwa mgonjwa. (Vikiwa vikubwa mno pande zote mbili vinaweza kuonyesha matege, upungufu wa vitamini D au kalsiamu, na hilo nalo si kazi ya wembe.) Anachougua mtoto yule kwa kawaida ni nimonia au malaria, na kila saa inayokwenda kwenye kuchanja ni saa ambayo dawa haijafika.

Turudi kwa binti. Baada ya Bibi alikuja kijana wa bodaboda, akasema kifua kikiuma ni moyo.

Kwa mtoto wa miaka 13, maumivu ya kifua ni nadra sana kutoka kwenye moyo. Mengi hutoka kwenye misuli iliyochoka kwa kubeba au kukohoa, au kwenye yale magegedu yanayounganisha mbavu na kidari. Gegedu likiwa limewashwa, kuna jaribio rahisi: ukibonyeza kwa kidole pale pale, maumivu yanaruka. Moyo haubonyezeki kwa kidole. Mara nyingi hapavimbi, panauma tu, na panapona polepole. Lakini mara chache panavimba kweli, na aliyeieleza hali hiyo ni daktari mpasuaji Mjerumani, Alexander Tietze, mwaka 1921, katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Wagonjwa wake walikuwa wanne. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha miaka michache tu nyuma, watu walikuwa wamepata njaa, na yeye alishuku lishe mbaya na kifua kikuu. Tangu wakati huo uvimbe huo unaitwa kwa jina lake, na hadi leo sababu yake haijathibitika. Hauui. Huisha wenyewe kwa wiki au miezi.

Ila uvimbe wa Tietze una makao yake: huwa karibu na kidari, kwenye ubavu wa pili au wa tatu, mara nyingi upande mmoja tu. Ndiyo sababu niliwafundisha kuhesabu. Wa binti ulikuwa mbali na kidari, chini ya kwapa. Huwezi kumsingizia Tietze uvimbe uliokaa huko.

Wa mwisho alikuwa mjomba. Yeye hakusema mengi. Aliugusa uvimbe, akasema, "Jipu. Limeiva," kisha akamtuma mtoto dukani akanunue wembe.

Mama akamtazama kaka yake. "Kaka, ukimkata na ubavu upo chini, utajua umeishia wapi?"

Mjomba akanyamaza. Kesho yake alfajiri mama na binti wakashika njia ya kituo cha afya.

Foleni ilikuwa ndefu, kama kawaida. Zamu yao ilipofika, mama alianza kusimulia hata kabla hajakaa: jerikani, utelezi, wavulana, Mrundi, kitenge. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akamgeukia binti.

"Na wewe. Huu uvimbe uliuona lini mara ya kwanza?"

Binti akamtazama mama yake.

"Tulipokuwa tunavuna maharage."

Mama akageuka mzima mzima. Maharage yalivunwa zaidi ya miezi miwili nyuma. "Mbona hukusema?"

"Haukuwa unauma, Mama. Jana ndio umeanza kuuma, nilipouangukia. Na hakuna aliyeniuliza."

Hapo ndipo hadithi nzima ilipopinduka. Mzee Mrundi, Bibi, kijana wa bodaboda, mjomba, hata mama: wote waliuangalia uvimbe, wakaisikia habari ya kuanguka, wala hawakuuliza ulianza lini. Kuanguka kulikuwa kweli. Maumivu yalikuwa kweli. Lakini uvimbe ulitangulia, na mwenye ubavu peke yake ndiye aliyejua.

Daktari akaendelea. Anatoka jasho usiku? Ndiyo, mpaka shuka linaloa. Nguo zinambana au zinampwaya? Zinampwaya. Anakula? Kidogo. Kuna sehemu nyingine iliyovimba, shingoni au kwapani? Akapapasa mwenyewe, hakukuta kitu. Kisha akaweka mgongo wa kiganja juu ya uvimbe, akauacha pale kwa muda. Jipu la kawaida huwa jekundu, linachoma, na ngozi ya juu yake ina joto. Huu ulikuwa laini, una maji ndani, na ngozi haikuwa na joto zaidi ya kwingine.

"Nyumbani kuna mtu anayekohoa?"

Mama na binti wakajibu pamoja: "Bibi."

"Kwa muda gani?"

Hawakukumbuka lini hakukohoa.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi, wakubwa wakiwemo, hawalijui: kifua kikuu si cha kifua peke yake. Vijidudu vyake, ambavyo Robert Koch alivitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, huingia kwa pumzi ya mtu anayekohoa, lakini vikishaingia vinaweza kusafiri kwa damu au kwa tezi na kupiga kambi penginepo: uti wa mgongo, nyonga, mara nyingine ubavu. Hapo vinautafuna mfupa taratibu na kutengeneza usaha usio na joto. Hauumi sana, haumlazi mtu kitandani, unakua tu. Ukichomwa kwa wembe, kidonda kinaweza kugoma kufunga na kutoa majimaji kwa miezi. Wembe wa mjomba ungeleta balaa hilo, ingawa nia yake ilikuwa njema.

Daktari hakusema ni kifua kikuu. Alisema anakishuku, na akaandika barua ya kwenda hospitali ya Mbarara.

Kwa nini hakuanza tu dawa? Kwa sababu donge au maumivu ya ubavuni yana watuhumiwa wengine. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu anaweza kuvimba na kuumwa mfupa wowote, na kwake maumivu ya mbavu pamoja na homa au kukosa pumzi ni dharura ya siku hiyohiyo. Kuna ugonjwa wa mkanda wa jeshi, unaochoma kama moto kufuata ubavu mmoja siku kadhaa kabla ya malengelenge kutokeza, na hauvuki katikati ya mwili, kwa sababu unafuata mshipa wa fahamu unaopita chini ya ubavu huo. Kuna mbavu zilizozaliwa na uma mbele, ambazo mama anaweza kuzigusa siku moja na kushtuka, kumbe hazina neno. Na wasichana wa miaka minane na kuendelea, sikieni: kinundu kinachouma chini ya chuchu, mara nyingi upande mmoja kwanza, ni ukuaji tu. Wavulana wengi hukipata pia wakibalehe, wakaona haya kusema.

Halafu kuna saratani. Kwa watoto ni nadra, lakini Uganda ina historia yake hapo. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Badala ya kumtazama na kupita, alianza kuuliza: wapi pengine wako watoto kama huyu, na pengine wapi uvimbe uko? Akakuta wengi wao wana madonge tumboni pia. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari na kuendesha wiki kumi kutoka Uganda kwenda kusini mwa Afrika na kurudi, kama kilomita 16,000, wakisimama hospitali baada ya hospitali kuuliza swali hilohilo. Saratani ile leo ina jina lake, na ni mojawapo ya saratani za kwanza ambazo dawa peke yake ziliweza kuziponya. Mimi humpenda Burkitt kwa sababu ya gari lile. Hakwenda na mashine ya ajabu. Alikwenda na picha za wagonjwa wake na swali.

Kutoka Nakivale hadi Mbarara ni safari ya kilomita kama 60. Binti hakuwahi kuuona mji. Alishangaa zaidi ndizi zilizorundikwa kwenye malori kuliko alivyoshangaa hospitali, ingawa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara si ndogo. Ndimo wanamojifunzia madaktari wa chuo kikuu cha mji huo, kilichoanza mwaka 1989. Mwanafunzi mmoja akamwambia avute pumzi, akamgonga kifua kwa kidole juu ya kidole: tok, tok, tok. Wazo la kugonga kifua lilitoka kwa Leopold Auenbrugger wa Austria, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, ambaye inasemekana aliwahi kuona mapipa ya mvinyo yakigongwa ili kujua yamejaa mpaka wapi. Aliliandika mwaka 1761. Palipo na hewa panaitika. Palipo na maji panajibu butu.

Kisha mwanafunzi akachukua kipimo cha kusikilizia. Cha kwanza duniani kilikuwa karatasi iliyokunjwa. Mwaka 1816 mjini Paris, René Laennec aliona haya kuweka sikio kwenye kifua cha mgonjwa wa kike, akakunja karatasi, akasikiliza kupitia tundu lake, na akasikia vizuri kuliko alivyotarajia. Miaka kumi baadaye kifua kikuu kilimuua yeye mwenyewe. Hakukuwa na dawa wakati huo. Ya kwanza ilipatikana katika miaka ya 1940.

Picha ya eksirei ilionyesha ukingo wa ubavu mmoja umeliwa. Mapafu yalikuwa safi. Picha ya mawimbi ya sauti ikaonyesha usaha ulivyolala juu ya ubavu, na kwa sindano nene wakauvuta kidogo. Binti alifumba macho, akakaza meno, akasema haikuuma; mama yake alijua anadanganya. Usaha ukawekwa kwenye mashine inayotafuta alama za urithi za vijidudu vya kifua kikuu, ambayo hutoa jibu kwa saa chache. Jibu: vipo, na dawa ya kawaida inaviweza.

Muuguzi alimwonya mapema kuhusu kidonge kimoja, rifampisini. "Kesho mkojo wako utakuwa wa rangi ya chungwa. Usije ukapiga kelele." Dawa za kifua kikuu Uganda hutolewa bure, na za mwezi baada ya mwezi angezichukua kituoni Nakivale. Akamwambia pia kwamba kifua kikuu cha ubavu hakiambukizi wanafunzi wenzake. Anayeambukiza ni yule ambaye kifua kikuu kinamkohoza.

Kwa hiyo wiki ileile walimpima Bibi. Alikasirika. Alisema kikohozi chake ni cha moshi wa kuni, kwamba amekohoa tangu Kongo, kwamba watoto wa siku hizi wanawaonea wazee. Akatoa makohozi hata hivyo, na majibu yalikuwa yaleyale. Wadogo wawili wa binti, walio chini ya miaka mitano, wakachunguzwa. Hawakuwa wagonjwa, wakapewa dawa za kinga. Wa mwisho aliitema ya kwanza kwenye kiatu cha mjomba.

Bibi na mjukuu wakawa wanameza pamoja kila asubuhi, uji ukiwa motoni, kila mmoja akimchunga mwenzake asiifiche kwenye shavu. Bibi alimaliza baada ya miezi sita. Binti akaambiwa bado, kwa sababu kuutibu mfupa huchukua muda mrefu kuliko pafu, mara nyingi mpaka mwaka.

"Si haki," alisema. "Wewe ndiye uliyeniambukiza, na wewe ndiye unayemaliza kwanza."

"Leta kikombe changu cha maji," Bibi akajibu, "na umeze yako nikikuona."